Mpira wa kulishia puani: kwa nini nesi anasubiri wakati mgonjwa ana njaa

Katika safu yetu ya afya leo tutazungumzia kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii mpaka siku tunapokikuta kitandani kwa mtu wetu. Ni ule mpira mwembamba unaopitishwa puani mpaka tumboni ili mgonjwa asiyeweza kumeza apate chakula, maji na dawa. Wodini hapa Uingereza wenyewe huuita kwa kifupi NG.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila ninapomhudumia mgonjwa wa kwetu husikia maneno yaleyale kutoka kwa jamaa zake: "Mama hajala tangu jana, mpira ameshawekwa, chakula kinaning'inia pale, na manesi wanapita tu." Hasira hiyo naielewa kabisa. Ila mara nyingi kile kinachoonekana kama uzembe ndicho kinachomlinda mgonjwa, na ni vizuri ukijua kwa nini. (Makala hii ni ya kukuelimisha. Haichukui nafasi ya daktari wala muuguzi anayemjua mgonjwa wako.)

KWA NINI ANAWEKEWA MPIRA

Sababu ninayoiona zaidi kwa wazee wetu ni kiharusi. Kiharusi hakiishii kwenye mkono na mguu peke yake. Kinaweza pia kupooza misuli ya koo. Ndiyo maana hapa Uingereza mgonjwa wa kiharusi anatakiwa apimwe uwezo wa kumeza ndani ya saa 4 tangu afike hospitali, na kabla ya kipimo hicho hapewi chochote mdomoni, hata tembe ya dawa. Akionekana hawezi kumeza salama, mwongozo unataka awekewe mpira ndani ya saa 24 kama hakuna sababu ya kitabibu ya kuchelewesha. Wengine wanaowekewa ni waliolazwa mahututi, waliofanyiwa upasuaji wa mdomo au koo, na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao ambao bado hawajui kunyonya na kumeza.

Sote tumewahi kupaliwa. Unakunywa chai huku unacheka, tone moja linapotea njia, unakohoa mpaka machozi yanakutoka. Kule kukohoa ndiko kunakokuokoa. Kooni kuna njia mbili zinazoanzia karibu mahali pamoja: ya nyuma ni umio, unaokwenda tumboni, na ya mbele ni njia ya hewa, inayokwenda kwenye mapafu. Mtu mzima wa afya akimeza, njia ya hewa hujifunga yenyewe. Mgonjwa wa kiharusi anaweza asiifunge sawasawa, na kibaya zaidi anaweza asikohoe kabisa pale kitu kinapoingia pasipotakiwa. Anapaliwa kimyakimya. Siku mbili baadaye ana homa, anapumua kwa shida, na daktari anasema ni homa ya mapafu.

Sasa fikiria mpira unaopita njia hiyohiyo. Nesi haoni ndani. Anausukuma taratibu kutoka puani, na ukifika pale kwenye njia panda unaweza kwenda nyuma au mbele. Kwa mgonjwa mwenye fahamu zake mpira ukiingia njia ya hewa kwa kawaida atakohoa, atakabwa, na nesi atauvuta mara moja. Kwa mgonjwa aliyelala nusu fahamu unaweza kuteleza mpaka ndani ya pafu na uso wake usibadilike hata kidogo.

UNAVYOWEKWA

Kwanza nesi au daktari anatakiwa aeleze anachotaka kufanya na kupata ridhaa ya mgonjwa kama anaweza kuitoa. Hapa ndipo jamaa mnapohitajika sana, kwa sababu nyinyi mnajua yasiyoandikwa kwenye faili. Sema kama mgonjwa aliwahi kuvunjika mifupa ya uso au kuumia kichwa, kufanyiwa upasuaji wa pua, koo au tumbo, kama hutokwa na damu puani mara kwa mara, kama ana ugonjwa wa ini au aliwahi kutapika damu, na kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Sema pia kama anatumia dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole au lansoprazole. Sababu utaiona hapo chini.

Mgonjwa hukalishwa wima kadiri inavyowezekana. Nesi hupima urefu kwa mpira wenyewe: kutoka ncha ya pua mpaka ndewe ya sikio, kisha kushuka mpaka kwenye chembe cha moyo. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni kama sentimita 50 hadi 60. Mpira una namba zilizochapwa, na ile namba inayobaki kwenye tundu la pua baada ya kuuweka huandikwa kwenye faili. Ikumbuke namba hiyo. Halafu anaupitisha, huku akimwambia mgonjwa ainamishe kidevu na ameze mate. Anayeruhusiwa kumeza hupewa maji anywe kidogo kidogo ili umio ufunguke. Inakera, macho hutoa machozi, lakini mikononi mwa mzoefu ni dakika chache. Mwisho unabandikwa plasta puani au shavuni.

Kazi ya mikono imekwisha hapo. Kazi ya usalama ndiyo kwanza inaanza.

JE, UKO TUMBONI KWELI?

Wengi wetu tuliosomea uuguzi nyumbani tulifundishwa njia ya haraka. Unachukua bomba la sindano lisilo na sindano, unapuliza hewa kwenye mpira, unaweka kipimo cha masikio juu ya tumbo, ukisikia mlio basi umefika, lete uji. Wengine walifundishwa kutumbukiza ncha ya nje ya mpira kwenye bakuli la maji waangalie kama mapovu yanatoka. Naomba nikuambie wazi, hasa wewe msomaji unayefanya kazi ya kulea wazee au ya hospitali: njia zote mbili HAZIAMINIKI. Mlio wa hewa iliyopulizwa chini ya pafu husafiri na kusikika tumboni vizuri tu. Hapa Uingereza shirika lililosimamia usalama wa wagonjwa lilitoa onyo mwezi wa Februari 2005 kwamba njia hizo zisitumike, pamoja na ile karatasi ya litmasi ya bluu, maana haiwezi kutofautisha vizuri majimaji ya tumboni na ute wa mapafuni. Kuona tu kwamba mgonjwa hakukohoa nako hakuhesabiki.

Njia ya kwanza inayokubalika ni kuvuta majimaji kidogo kupitia mpira na kuyapima asidi kwa karatasi maalumu yenye rangi, ile inayotoa kipimo cha pH. Tumbo lina asidi kali, mapafu hayana. Kipimo kikiwa kati ya 1 na 5.5, mpira unaweza kutumika. Kikizidi 5.5, hautumiki, hata kama nesi ana uzoefu wa miaka 30 na moyo wake unamwambia uko sawa.

Njia ya pili, pale ambapo majimaji hayapatikani au kipimo kimezidi, ni picha ya eksirei ya kifua. Anayeisoma lazima awe amefundishwa kusoma picha za namna hiyo. Anatazama kama mpira umeshuka katikati ya kifua bila kufuata njia za hewa, kama umepita sawa pale njia ya hewa inapogawanyika pande mbili, kama umevuka kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo) ukiwa katikati, na kama ncha inaonekana chini ya kiwambo upande wa kushoto. Anahakikisha pia kwamba picha ni ya mgonjwa huyo, na ni ya leo, si ya juzi. Usicheke. Mwaka 2011 shirika hilohilo lilipotoa onyo jipya, lilikuwa limepokea tangu 2005 taarifa za vifo 21 na madhara mengine 79 ya wagonjwa waliolishwa kupitia mpira uliokuwa mapafuni, na chanzo kikubwa zaidi kilikuwa picha za eksirei zilizosomwa vibaya.

Na mpaka majibu yapatikane HAKUNA kinachopitishwa kwenye mpira. Si maziwa, si dawa, hata maji ya kusafishia. Onyo la mwaka 2012 lilitolewa kwa sababu hiyo hasa: watu walikuwa wakisukuma maji kwanza ili kuusafisha mpira, kumbe ncha iko pafuni, kisha majimaji waliyoyavuta ili kuyapima yakawadanganya.

MZEE ALIYEKUWA KIMYA

Nikupe mfano ambao siwezi kuusahau. Ni wa miaka kadhaa iliyopita, na hospitali sitaitaja. Alilazwa mzee mmoja wa kwetu, kiharusi upande wa kushoto, amelala nusu fahamu. Mtoto wake alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na chupa ya uji wa ulezi aliopika mkewe alfajiri. Nilimsalimia mzee, "Shikamoo baba," akanyanyua jicho kidogo, hakujibu. Nikaweka mpira. Uliingia laini kama uzi kwenye sindano. Hakukohoa, rangi haikubadilika, kipimo cha hewa kidoleni kilibaki palepale.

Nikavuta majimaji, yakaja matone machache yasiyo na rangi. Kipimo: 7. Mzee alikuwa anatumia omeprazole kwa miaka, na dawa hiyo hupunguza asidi, kwa hiyo namba hiyo ingeweza kuwa ya tumboni pia. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikasubiri, nikavuta tena. 7.

Kijana akaniambia, "Dada yangu, nakuheshimu, lakini si umeona mwenyewe hakukohoa? Mzee hajala tangu juzi usiku. Muwekee hata maziwa kidogo tu, anakufa njaa mbele yetu." Sitakuficha, nilitamani kumsikiliza. Pale penye wodi nzima ya wageni, mtu wa kwenu anakuomba kwa lugha ya kwenu. Nikamwambia, "Kaka, njaa ya saa chache tunaweza kuitibu. Tusubiri picha." Hakunijibu. Alikwenda kukaa kwenye kona, chupa ya uji mapajani.

Picha ilipigwa saa nane mchana, ikasomwa saa tisa na nusu. Mpira ulikuwa umenyooka vizuri kabisa ndani ya pafu la kulia.

Niliuvuta, nikaweka mwingine, safari hii kipimo kikasoma 4, na jioni ile maziwa ya lishe yakaanza kuingia taratibu kwa pampu. Lau tungefanya ile njia ya kupuliza hewa, nina hakika ningesikia mlio, na ningeamini.

NI JAMBO LA NADRA, LAKINI

Sitaki usome haya ukakataa mpira siku mzee wako anapouhitaji. Kati ya Septemba 2011 na Machi 2016 hospitali za serikali za Uingereza zilitumia zaidi ya mipira milioni 3 ya aina hii, na yaliripotiwa matukio 95 ya chakula, maji au dawa kuingia mapafuni kwa sababu mpira ulikuwa pasipo. Katika matukio hayo wagonjwa 32 walifariki, ingawa si wote ambao ilithibitika kwamba mpira ndio uliowaua. Kwa hesabu ni nadra sana. Lakini kosa hili linaweza kuzuilika karibu lote, ndiyo maana mwaka 2009 liliwekwa kwenye orodha ya mambo ambayo hayatakiwi kutokea hospitalini hata mara moja. Kumuacha asiyeweza kumeza bila lishe kwa siku nyingi nako ni hatari kubwa.

Kuna jambo jingine linalowaudhi jamaa. Mpira umetoka saa nne usiku, mnaambiwa utawekwa asubuhi. Mwongozo wa 2011 unasema kama si dharura, na kama hakuna wataalamu wa kutosha usiku wa kuuweka na kusoma picha, ni salama zaidi kusubiri. Unachoweza kuuliza kwa haki yako ni hiki: je, atapata maji kwa njia ya mshipa usiku huu? Na zile dawa zake muhimu, za kifafa au kisukari mathalan, atazipataje?

WEWE ULIYEKAA PEMBENI YA KITANDA

Nyumbani jamaa ndio wanaolisha. Wengi wetu tumemuona dada au shangazi akimimina uji mwepesi au maziwa kwenye bomba hospitalini, na alifanya kwa mapenzi. Hapa usifanye hivyo. Mpira huu una upana wa milimita 3 hivi, uji wa ulezi utauziba, supu itauziba, na ukiziba mgonjwa atapitia puani upya. Maziwa ya lishe wanayotumia yamepimwa na mtaalamu wa lishe kwa uzito na ugonjwa wake. Ukiwa na wasiwasi kuhusu kilichomo, mathalan gelatini ya nguruwe kwenye baadhi ya vidonge, mwambie mfamasia wa wodi, mara nyingi kuna mbadala. Dawa zisisagwe na kupitishwa bila ruhusa yake, kwani nyingine hazitakiwi kusagwa.

Mdomoni pia usimpe kitu, hata kijiko kimoja cha maji, ikiwa juu ya kitanda kuna bango la kukataza. Midomo yake ikikauka, muulize nesi akuonyeshe namna ya kuilainisha.

Usilaze kitanda kikawa bapa wakati chakula kinaingia. Kichwa na kifua vinatakiwa viinuke nyuzi 30 au zaidi, na vibaki hivyo angalau nusu saa baada ya chakula kuisha. Nimekuta jamaa wema wameshusha kitanda "apumzike vizuri" huku pampu inakwenda.

Kisha tazama ile namba niliyokuambia uikumbuke. Mpira unaweza kuwa umewekwa sawasawa Jumatatu na Jumatano ukawa umepanda baada ya mgonjwa kutapika, kukohoa sana au kuuvuta. Ndiyo maana kipimo cha asidi hurudiwa kabla ya kila mlo au dawa, na angalau mara moja kwa siku. Ukiona namba puani imebadilika, plasta imeachia, mpira umejikunja mdomoni, au mgonjwa ameanza kukohoa, kupumua kwa haraka au sauti yake inakoroma kama mwenye maji kooni, bonyeza kengele na useme pampu isimamishwe. Usisubiri nesi amalize anachofanya. Na usiusukume mpira mwenyewe kuurudisha.

Unaruhusiwa kuuliza, tena kwa heshima tu: leo kipimo kimesoma ngapi? Picha imesomwa na nani? Nesi mzuri hatakasirika. Anatakiwa awe ameandika majibu hayo kwenye faili.

Wazee waliochanganyikiwa huuvuta mpira mara kwa mara. Unaweza kumkuta amevishwa glavu nene kama za bondia. Hilo ni jambo zito, linatakiwa liamuliwe na kuandikwa, na wewe uelezwe. Wakati mwingine mkono wa mtoto wake ukiushika wake hufanya kazi kuliko glavu, kwa hiyo uliza kama mnaweza kupeana zamu kukaa naye. Ujue pia kwamba kwa England na Wales, chini ya sheria ya mwaka 2005 kuhusu watu wasioweza kujiamulia, kuwa mtoto au mke peke yake hakukupi mamlaka ya mwisho ya kukubali au kukataa mpira, isipokuwa mgonjwa alikuandikisha kisheria uwe mwakilishi wake wa mambo ya afya. Lakini madaktari wanapaswa kukusikiliza juu ya yale ambayo mgonjwa mwenyewe angeyataka. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri mazungumzo haya.

Wasomaji walio Muscat, Dubai au Minneapolis, taratibu za hospitali zenu zaweza kutofautiana na hizi. Katika hospitali nyingi eksirei hupigwa kila mpira mpya unapowekwa, bila kujali kipimo cha asidi. Swali la kuuliza ni lilelile: mmehakikishaje?

AKIRUDI NYUMBANI NAO

Wengine hurudi nyumbani na mpira, hasa watoto wachanga. Mkionekana mtauhitaji zaidi ya wiki nne hadi sita, madaktari huanza kuzungumzia mpira mwingine unaopita kwenye ngozi ya tumbo moja kwa moja. Kabla ya kutoka hospitali, anayelisha lazima afundishwe na afanye mwenyewe mbele ya nesi mpaka wote wawili waridhike. Kama nyumbani mnapokezana kulisha, wewe, mkeo na mama mkwe, basi wote watatu wafundishwe, si mmoja awafundishe wengine jikoni.

Mtapewa karatasi za kupimia asidi na namba ya simu. Pima kila mara kabla ya kulisha, hata saa tisa usiku, hata mtoto akilia. Usipopata majimaji, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, subiri dakika 15 hadi 30, jaribu tena. Kikizidi 5.5, usilishe, piga ile namba. Akishindwa kupumua au akibadilika rangi, simamisha kila kitu na uite gari la wagonjwa. Hapa Uingereza ni 999. Karatasi zenyewe zihifadhiwe pakavu kwenye chupa yake iliyofungwa, maana zikiingia unyevu rangi hubadilika na kipimo kinakuwa cha uongo. Bafuni si mahali pake.